Nane ya Bibi Yangu

Karatasi ya kwanza ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi, Mokowe.
Siku sitini. Mvua mbili. Mbuzi alitafuna pembe yake,
na sisi huku Langoni tulikuwa kwenye arusi ya Thuweba.
Hivyo ndivyo minazi arubaini ya babu
ilivyopata jina la mtu tusiyemjua.
"Aliyenyamaza amekubali," karani alisema,
akafunga faili kwa uzi.

Sasa matangazo yamo mtandaoni,
kurasa mia na kitu kila wiki,
nambari za viwanja zimeanikwa kama dagaa,
na Bi Barke, ambaye jicho moja limebaki nusu,
ameniambia: "Wewe una mato. Soma."

Macho ninayo. Sina kila usiku.
Nikaandika programu, mistari arubaini,
mstari kwa kila mnazi, ilitokea tu hivyo:
amka saa nane usiku, nenda kwenye kurasa za ardhi,
tafuta Hindi, tafuta Omari bin Athman,
Athumani, Othman, Uthmani
(makarani wana yao na herufi).
Ukipata, tuma ujumbe kwa simu ya Bi Barke.
Usipopata, sema hakuna, ulale.

Nikaifunza adabu kwanza.
Ukifika, simama dakani.
Piga hodi mara tatu. Usipojibiwa, ondoka;
hukufukuzwa, hukukaribishwa, rudi kesho.
Kati ya ukurasa na ukurasa hesabu tano,
mlangoni kuna wengine
na mwenye nyumba ana mikono miwili.
Palipoandikwa usiingie, usiingie,
hata kama komeo limelegea.

Usiku wa kwanza haikuamka.
Iliamka saa tano asubuhi, jua kali, foleni imejaa.
Nilikuwa nimeandika nane, nane ya bibi yangu,
na mashine ya kukodi iko nchi ya baridi
ambako siku huanza katikati ya usingizi
na saa yao iko nyuma ya yetu kwa tatu.
Nikahesabu vidole jikoni, umeme umekatika mtaa mzima:
nane toa sita, mbili.
Mbili toa tatu,
nikadondoka ndani ya jana.
Nikaandika ishirini na tatu.

Hapo ikashika. Kila alfajiri: Hakuna.
Hakuna.
Hakuna.
Nikaisahau, kama usahauvyo pampu isiyoharibika.

Bi Barke hakusahau.
"Huyu wako," alisema, akichambua mchele kwa ncha za vidole,
"kila siku hakuna, neno lile lile.
Hata muongo hubadilisha.
Hebu mtizame kama yuasoma
au yuaangalia ukuta."

Ukuta.
Walikuwa wameipanga upya ile jedwali:
safu ya majina, iliyokuwa ya tatu, sasa ni ya tano,
na programu yangu, mtiifu, usiku thalathini na nane
ilikwenda pale pale pa zamani
ambapo hapakuwa na kitu ila nafasi nyeupe,
ikarudi kuniambia ukweli
kuhusu nafasi nyeupe.

Sikulia. Nilikunywa maji.
Nikaongeza mstari wa arubaini na moja:
ukikuta patupu, usiseme hakuna.
Sema sikuona.

Usiku ule ule ilirudi na jina, limeandikwa Uthmani,
kiwanja cha chini, chenye kisima, ndicho tulichobakiwa nacho.
Zimesalia siku ishirini na mbili.

Bi Barke ametoa hati kwenye sanduku la njumu,
karatasi inanukia udi na mende.
Kesho tunavuka na boti ya kwanza.
Nilidhani ameshalala, akaniita toka kitandani:
"Nane ni saa ya wezi.
Muamshe kumi na moja, aamke na sisi."

Nikahesabu vidole.
Nikaandika mbili.