Mtazamaji wa Nne

Tarehe thelathini Juni, saa sita kasorobo usiku,
nimekaa mbele ya jedwali lenye safu kumi na nne.
Maktabani nimebaki mimi na mashine ya kahawa
inayokohoa kama mgonjwa anayesubiri kuitwa.
Filamu mia mbili na kumi na moja zinakwisha muda leo.
Hazifi. Hazichakai. Hazina hata vumbi la kupangusa.
Saa sita ikigonga, kiungo kitafungua ukurasa mweupe,
na kesho mwanafunzi ataniandikia: Mmeificha wapi?

Zamani tulinunua kitu, tukakigonga muhuri,
kikakaa rafuni hata kama hakuna aliyekipenda.
Sasa sisi ni wapangaji.
Mwenye nyumba yuko Toronto, au Dublin, au hayupo:
mwezi Machi aliuzwa kwa mwenye nyumba mwingine,
tukaletewa barua pepe yenye picha ya watu wanaocheka.
Waliosema nguo ya kuazima haisitiri matako
hawakuziona ankara zetu, lakini walitujua.

Masharti ni haya: watazamaji watatu, bure.
Wa nne akivuka sekunde thelathini, tumekodi mwaka mzima,
dola mia moja hamsini, awe amependa au amesinzia.

Mstari wa mia na sita.
Wapishi wa kambi za magogo, dakika hamsini na mbili:
wanawake wa Kifini, kaskazini ya hapa Thunder Bay,
wakikanda mkate alfajiri kwa wanaume themanini,
theluji imewafika madirishani.
Mtazamaji wa kwanza: Profesa Rautiainen, mwanzo hadi mwisho.
Wa pili: mtu wa bwenini, dakika nne.
Wa tatu: yuleyule, nadhani, akitafuta alipoishia.
Wa nne nilikuwa mimi.

Simung'unyi maneno. Nilikuwa nakagua maandishi ya chini ya picha,
maana Odette Thibeault hasikii, naye yumo darasani,
na mashine iliyoyaandika ni kama ilisikia chachu
ikaandika chatu, kila mahali chatu,
wapishi wa watu wakiamka usiku wa manane
kukoroga chatu kwenye maji ya uvuguvugu.
Nikakaa kusahihisha. Sekunde zikanipita.
Ankara ikaja asubuhi, kabla ya chai.

Odette aliitazama mara tisa.
Jedwali linasema: matumizi hafifu.
Gord, mkuu wangu, hana roho mbaya; ana bajeti.
Alisema, iache iende.

Nikamtafuta aliyeitengeneza, Aune Lehtimäki, yuko Nipigon,
miaka themanini na moja, anajibu simu kwa kufoka.
"Nilisaini karatasi," akasema. "Ya nani, sikumbuki.
Lakini ninayo moja, ndani ya boksi la mapambo ya Krismasi."
Ikanifikia kwa posta, imeviringishwa kwenye taulo la jikoni,
diski moja, jina kwa kalamu ya wino, herufi zimeinama.

Saa sita na dakika moja. Nabonyeza.
Ukurasa mweupe.

Navuta droo. Ipo, na taulo lake.
Kama ninaruhusiwa kuionyesha, nitamuuliza mwanasheria Jumatatu;
najua atakavyokunja uso.
Mashine ya mwisho ya kuchezea diski tuliitupa wakati wa baridi,
mimi mwenyewe nilisaini fomu.
Kesho nitapita duka la mitumba la mtaa wa Bay,
niulize kama wanayo, na kama inawaka.