Bado Tunaingia

Saa kumi na mbili na robo, barabara inaingia majini
bila kuaga. Hapa palikuwa na lango,
na kibanda, na mtu aliyekuwa akitukatia tikiti.
Mwaka huu mnandi wamekaa juu ya paa lake
wakianika mbawa, kana kwamba wamelipa kodi.

Bi Wairuri anagawa fomu na penseli.
(Wino, asema, hulia ukiona umande.)
Akina Mang'eni wa Langalanga wamekuja saba na chupa moja ya chai.
Sisi ni mimi, Chesang, Talaam,
na kogo wao, mama mkwe wangu, aliyefuata baridi tu,
aone kama ingali ile ya Januari za zamani.

"Usihesabu mmoja mmoja, utazeeka.
Hesabu kumi. Tazama kumi inavyokaa machoni.
Kisha ibebe hiyo kumi uiweke juu ya kundi,
kama apimaye unga."
Chesang anapima heroe, kibaba, kibaba, kibaba,
mpaka ukingo wote wa waridi umemiminika daftarini:
elfu moja mia nne
na mmoja. Yule aliyesimama kando. Amekataa kumwacha.

Talaam ana mwari. Mwari ni wakubwa, hawamsumbui,
ila mmoja, kwenye migunga iliyozama,
amemwita kisiki mara mbili,
na mara ya tatu kisiki kikaruka.

Mimi nimeachiwa wadogo, kitwitwi,
wanaokimbia topeni kama wenye deni.
Wametoka kule ambako maji sasa ni mawe,
gramu hamsini za nyama na mifupa,
bila pasi, bila begi.
Nikifika thelathini na sita wanahama. Naanza upya.
Kule kule ndiko aliko Kimosop, baba yao,
anapanga maboksi ghalani usiku kucha.
Simu yake ya mwisho ilikuwa Machi.
Alisema theluji haina sauti, kisha naye akawa hana.
Thelathini na nne. Thelathini na tano.
Wamehama.

Kogo hahesabu. Darubini ameigeuza nyuma mbele,
ziwa zima limekuwa dogo kama kisima
na amelipenda hivyo.
"Kwetu ng'ombe hawahesabiwi," anasema, "wala watoto.
Unasimama mlangoni mwa zizi jioni, wanaingia.
Asiyekuwepo, jicho linamjua."

Hata akina Mang'eni wananyamaza.
Furukombe analia, mahali fulani. Hatumwoni, hatumwandiki.

Saa tatu fomu zinakusanywa. Chini kabisa
kuna kisanduku: *Kundi lenu lina watu wangapi?*
Chesang ananitazama. Penseli yake imeinuka,
imesita hewani kama mguu wa korongo.

Kogo anaweka kiganja juu ya karatasi,
kiganja kingali na majivu ya jikoni.
"Andika ndege," anamwambia.
"Sisi bado tunaingia."