Kumlikiza Mashavu

Miezi sita na siku nne.
Mvua ya Paisley inakwaruza kioo,
nami nimekuketisha kwenye kiti kirefu
tulichopewa na jirani wa ghorofa ya juu.
Jina lake Senga. Nilipolisikia mara ya kwanza
nilimuuliza, kwenu ni Morogoro?
Akacheka mpaka akashika ukuta.

Leo ni boga. Nimelichemsha, nimeliponda,
nimelipitisha kwenye chujio mara mbili
kama ninayempikia bwana harusi.
Unakitazama kijiko
kama karani alivyoitazama pasipoti yangu.

Fungua, mama. Fungua, Mashavu.
Ukafungua. Ukatafakari.
Kisha ulimi ukalisukuma boga lote nje,
taratibu, bila hasira,
likateremka kidevuni.

Jana ilikuwa karoti, ukapiga chafya.
Madoa yapo ukutani, sijayafuta.

Muuguzi alisema: usimharakishe.
Usitie chumvi, usitie asali,
maziwa yaendelee.
Kuhusu mimi hakusema kitu.

Kwetu kuna neno, kulikiza.
Mama alipaka shubiri kwenye titi;
nilikuja mbio, nikaonja, nikalia,
naye, wananiambia, akaenda kulia uani.
Mimi shubiri sina. Nina zamu,
Jumatatu saa moja asubuhi,
mashuka ya hospitali yananingoja,
na titi lisilojua kusoma saa:
akilia mtoto wa mtu kwenye basi
linalowesha blauzi.

Senga akabisha hodi kwa kiwiko,
mikononi sufuria imefunikwa kitambaa.
Kitu cha nyumbani kwao, alisema,
ndicho kilichomkuza yeye na ndugu zake saba.
Nikafunua. Nikaonja.
Senga, huu ni uji!
Wa oti, mzito, unashika mwiko,
lakini ni uji, dada yangu, ni uji.

Nikauzimua kwa maziwa niliyokamua alfajiri.
Ukaonja. Ukakunja uso.
Ukaonja tena, ukayatambua yaliyomo,
ukanitazama mimi, ukalitazama bakuli,
kama aliyemkuta mtu wake ugenini.

Halafu ukaninyang'anya kijiko,
ukakigeuza, ukatia mpini kinywani,
ukautafuna kwa jino lako moja
na hukutaka mkono wangu usogee.
Senga akapiga makofi.
Mimi nikainuka kutafuta kitambaa,
maana kifua, palepale, kilikuwa kimelowa.