Tofauti ya Sita

Meza yangu ina umbo la figo.
Mguu wake mmoja mfupi, nimeuwekea kifuniko cha chupa.
Watoto wanne upande wa nje, mimi kwenye mkunjo,
dakika kumi na nane, kengele ndogo,
kisha kundi jingine, na waliobaki
wakijihesabia maharage kwenye trei za mayai.

Makundi nimeyapa majina ya samaki wa Ziwa Erie
ili pasiwe na la kwanza wala la mwisho.
Lakini mtoto si mjinga.
Wiki ya pili tu Marlena akaniuliza,
"Sisi ndio wale wasiojua?"
Nikasema hapana. Nikaitazama theluji dirishani.

Februari, jaribio la kusoma saa.
Tableti huuliza, mtoto hugusa, tableti huhukumu
kabla kidole hakijanyanyuka.
Asukulu: maswali kumi, sifuri.
Jina lake likawa jekundu kwenye orodha yangu
na Bi. Halloran, mkuu wetu, akaandika pembeni kwa penseli:
huyu aanze upya.

Tukaanza upya. Wiki tatu.
Saa ya kadibodi, pini ya katikati imelegea,
akrabu fupi inaning'inia kama imechoka na kazi.
Nikaweka tisa na dakika ishirini.
"Tatu na ishirini," akasema Asukulu.
Nikaweka moja kasoro robo.
"Saba kasoro robo."
Nikaweka nne kamili.
"Kumi," bila wasiwasi,
kama mtu anayetaja jina la mama yake.

Nikashika kalamu niandike kosa.
Prabesh, ambaye kwa kawaida hutafuna kifutio chake,
akanivuta mkono wa sweta:
"Mwalimu, hakosei ovyo.
Anakosea kwa sita. Kila mara kwa sita.
Na dakika zote anapata."

Sita.
Ewe kichwa changu!
Mimi wa Kigoma, niliyeamshwa saa kumi na moja alfajiri
mpaka nikaota ndevu;
mimi ambaye dada akipiga simu, akisema tuongee saa mbili,
najumlisha bila kujua kwamba najumlisha,
nimempaka mtoto huyu wino mwekundu
kwa kuwa anaihesabu siku tangu jua lilipochomoza.

Nikamuuliza kwa Kiswahili,
neno langu la kwanza la Kiswahili ndani ya chumba hiki:
"Sasa hivi ni saa ngapi?"
Akatazama ukutani.
"Saa nne na dakika tano."
Kisha akanitazama mimi
kama aliyenikuta nimejificha.

"Na kwa Kiingereza?"
Midomo ikatembea, macho yamefumbwa.
"Kumi na dakika tano. Nne na sita ni kumi.
Lakini nane na sita haiwi kumi na nne,
inazunguka, inarudi mbili."
Zaynab akaijaribu kwa kadibodi. Ikarudi mbili.
Marlena akataka kujua kama na yeye anaweza kuwa na saa ya pili.

Mchana nikafungua fomu nirekebishe.
Visanduku vitatu: amefikia, anakaribia, bado.
Nikatafuta cha nne, cha mwalimu.
Hakipo. Nikaweka tiki kwenye amefikia,
na usiku, nikiparua barafu kwenye kioo cha gari,
nikawaza ni wangapi mwaka jana,
na mwaka juzi, waliokosea vizuri namna hiyo
mbele yangu, na kengele ikalia.

Sita kwetu ni namba.
Ni amri pia: simama kidogo, usiukimbilie mguu wako.

Alhamisi tumeingia kwenye sarafu.
Asukulu amekataa katakata
kwamba hii ndogo nyembamba ya senti kumi
inaishinda ile nene ya senti tano.
Ameziweka zote mbili kiganjani, anazipima uzito.
Wenzake wanacheka. Dakika zimebaki mbili.
Nimeshika kalamu.
Nasita.