Ndani Kipande cha Mti

Bi Zaina Mhando kaleta kabati kwa mkokoteni,
kutoka Chumbageni mpaka kibandani kwangu Ngamiani,
likiwa limevaa rangi tatu, moja juu ya nyingine,
kama mtu anayeogopa baridi ya Lushoto.
"Nipigie vanishi ya kioo, nijione nikipita.
Harusi ya Mwanakombo ni Jumamosi."

Nikaanza kulivua. Kijani cha ofisi,
chini yake samawati, chini yake maziwa yaliyochacha.
Dawa ikanichoma kidole gumba. Na chini kabisa,
msaji:
rangi ya asali iliyokaa,
nyuzi zikipinda pale palipokuwa na tawi.

Msasa wa themanini, wa mia na ishirini, wa mia mbili na arobaini.
Babu hakuzijua namba hizi. Alichuma jani la msasa,
mti ulioiazima karatasi jina lake.
Nyuzi nazifuata. Ukizikata, vanishi itakusengenya,
kila mkwaruzo itautangaza barazani.

Alhamisi ikanyesha. Nikajidanganya.
Hewa ya Tanga ina maji usiyoyaona
mpaka uyafungie ndani.
Nikapaka hivyo hivyo, brashi mpya, mkono mwepesi.
Ijumaa asubuhi mlango una mtoto wa jicho.

Nikampigia simu.
"Nimeharibu, Bi Zaina. Nipe jua la siku mbili.
Na kioo tukiache, nitalinywesha mafuta ya kitani."
Kimya. Halafu:
"Fundi, usije ukanipa uzuri wa mkakasi,
ndani kipande cha mti."

Siku mbili nzima methali ile imenikaa kooni.
Aliyeitunga hakuwahi kushika randa.
Kipande cha mti! Kana kwamba ni aibu,
kana kwamba mkakasi ungesimama
kwa rangi peke yake.
Nikasugua. Kitambaa, mafuta, kiganja, subira.
Matambara nikayaanika mojamoja uani,
maana yakilundikwa huwaka bila kiberiti.

Harusi ikapita bila kabati.
Jumatatu kaja, hina bado mbichi vidoleni.
Hakujiona. Akainama, akanusa.
"Na hili duara?"
"Kitako cha kikombe. Limezama. Naweza kulitoa."
Akalizungusha kidole, mara moja, mara ya pili.
"Alikuwa hatumii kisahani, marehemu. Liache."

Akalipa.
Akakata elfu tano za kuchelewa.