Daftari la Glovu

Mimi ndiye mshika daftari.
Jozi kumi na moja za glovu, watu ishirini na watatu,
jiko moja la makaa ya mawe, na mlango
ambao barafu huufunga kabla yetu.
Huku juu, mtaa wa mahema ya sufu, kaskazini mwa Ulaanbaatar,
moshi hushuka saa kumi jioni
na mtoto anayekuja mazoezini huja akikohoa.

Ada ni tugriki elfu ishirini kwa mwezi.
Asiye nazo huleta ndoo ya makaa.
Asiye na makaa hufagia ulingo.
Asiyeweza kufagia bado hatujampata.

Kocha Dulamsuren aliendesha basi la umeme miaka kumi na tisa.
Hapigi kelele. Husema tu, "Kituo kinachofuata,"
nasi tunahama: kutoka kamba kwenda mfuko,
kutoka mfuko kwenda ulingoni,
hakuna anayebaki kituoni, hakuna anayedandia.

Mgeni akija, humshika mkono
akamkunja vidole kimoja kimoja.
Kidole kimoja hakivunji chawa, hilo kila mtu analijua;
yeye hutaka ujue gumba likae wapi.
"Ukilificha ndani, litavunjika la kwanza.
Likae nje. Liwashike wenzake."

Sasa Ganzorig.
Kilo sitini na tatu na nusu,
mkono wa kushoto unaofika kabla ya habari zake.
Glovu nyekundu, mpya, aliletewa na mjomba kutoka Busan,
akazitundika kwenye msumari wake mwenyewe.
Niliuliza niziandike wapi.
Kocha akasema, "Usiandike kisichokuwa chetu."
Hakumkemea. Alimpa Temuulen.

Temuulen, miaka kumi na miwili, kigugumizi,
hufumba macho kabla ya kupiga.
Mwezi mzima Ganzorig alimshikia pedi,
uso kama wa aliyelishwa shubiri.
Siku ya ishirini na sita nilimsikia, taratibu:
"Fungua. Niangalie mimi. Fungua."
Sikuandika. Daftari halina safu ya hayo.

Februari tulikwenda Darkhan,
wanane ndani ya gari la watano.
Mizani ikasema Ganzorig amezidi gramu mia nne.
Zimebaki dakika hamsini.
Wengine walikwisha kupimwa, wameanza kula;
Nomintuya alikuwa na andazi la nyama mdomoni.
Kocha akazitazama ngazi za ukumbi, ghorofa nne.
Hakusema hata "kituo kinachofuata."

Nomintuya akalitia andazi mfukoni, akavaa koti tena.
Kisha Purevjav. Kisha mapacha wa fundi viatu.
Kisha mimi, na goti langu hili.
Tukapanda, tukashuka, tukapanda,
Ganzorig katikati, amevaa makoti matatu ya watu,
Temuulen mbele akihesabu ghorofa kwa sauti,
akikwama kwenye "tatu" kila mara,
nasi sote tukikanyaga pale pale
hadi itoke.

Mizani ikatikisika, ikafikiri, ikakubali.

Alishindwa. Sina la kupamba.
Raundi ya tatu miguu yake ilikuwa imebaki kwenye ngazi
na kijana wa Erdenet akakusanya pointi kama anayeokota kuni.
Konani tulijaa wote; mwamuzi akatufukuza,
tukaenda kusimama nyuma kidogo,
mahali ambapo angetuona akigeuka.
Aligeuka mara mbili. Hilo pia halina safu.

Jumatatu nikahesabu vifaa.
Kwenye ukuta wa wote,
kati ya glovu zilizoshonwa kwa uzi wa viatu
na zile zinazonuka mbuzi,
zilining'inia nyekundu,
zimeshalowa jasho la mtu mwingine.

Wino ulikuwa umeganda.
Nikaipashia kalamu moto jikoni, nikangoja,
nikafuta "kumi na moja."