Kibaba cha Umeme

Kijitonyama, saa nane usiku. Feni imekata kauli.
Tunu Mbwambo kainamia bodi ndogo kama ukucha.
Chipu hii itakaa sikioni mwa mtoto wa Vingunguti
ambaye hajawahi kusikia mvua juu ya bati.

Mwongozo unasema: volti moja nukta mbili, basi.
Yeye anaandika vingine:
ikichemka, ipunguziwe;
darasa likipiga kelele, iongezewe, chembe kwa chembe;
usiku, kibaba cha kulalia.

"Omba mwenyewe," anaiambia, "mimi sikulishi kwa nguvu."

Mita inashuka: sufuri nukta tisa nne.
Halafu umeme wa mtaa mzima ukakatika
bila kumuuliza mtu.

Betri ikaendelea.
Chipu ikaomba kidogo.
Ikapewa.